Mvua Niliyotaka Kuisomea

Mhunze, Januari 1984

Dada Mektilda,

Shikamoo. Huku pamba imenyaukia shambani na ng'ombe wetu wamebaki mbavu. Mama anakusalimu, goti bado linamsumbua.

Mimi nilikuja kuwaaga tu. Wazee wakaniuliza ninakwenda Ulaya kusomea nini mpaka niitwe daktari. Nikajitahidi kuwaeleza: kuna mtambo angani unaopokea sauti na kuzirudisha duniani, na mvua kubwa huzimeza njiani, nitachunguza hiyo mvua. Nikasimika na kipimamvua uani ili waone. Walichosikia wao ni kwamba mjukuu wa Mageni anaijua mvua! Kesho yake wakaleta kondoo mweusi, wakanikalisha kwenye kigoda alichokalia babu Mageni akiita mvua. Nilipotaka kukataa, mama akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu. Watu wana njaa."

Nikabaki pale kigodani.

Chuo kilinitaka niripoti Jumatatu iliyopita. Usihangaike kuwaandikia, nafasi yangu wameshampa mwingine. Vijana wanalala mlangoni kwangu. Wanasema ni heshima.

Mama alitusimulia, unakumbuka, mwaka ule mvua ilipomkataa babu, walivyomfunga juani mpaka akafa.

Kila asubuhi kijiji kizima kinajaa uani kunitazama nikipima. Leo nimekiinamisha kile kipimamvua, kikatoka vumbi. Nikawaamkia wazee shikamoo. Hakuna aliyeitika.

Mdogo wako,
Theonest