Machicha niliyoyaficha chumbani

Mama Pacha, ule uvumi kwamba ng'ombe akila machicha ya bia maziwa yake yanalewesha watoto ulinikaa kichwani hadi nikafanya ujinga. Ili wateja wa maziwa wasiyaone machicha, niliingiza mapipa yake chumba cha watoto. Nikafunga na dirisha, harufu isitoke.

Leo nimemkuta Kibonge wangu kalala chini, katikati ya mapipa. Alikuwa ameinama kuokota mpira, hakuinuka tena. Namwita, kimya. Nikajua ndiyo yale maziwa, mtoto kalewa.

Hospitalini nesi nikamwambia hivyo hivyo, kalewa maziwa. Akauliza nimemkuta wapi, nikamweleza habari ya mapipa.

"Mama, machicha yakichacha yanatoa gesi. Inatulia chini, inafukuza hewa. Maziwa hayana kosa."

Maziwa hayana kosa, dada. Dirisha nililifunga mimi.

Bado kavalishwa kifuniko cha hewa puani. Anafumbua macho, anafumba. Baba yake anarudia swali moja tu, "Ulikuwa unamficha nani hayo machicha?"

Na wewe nilikushawishi mimi uyachukue machicha. Kiwanda cha bia wakatusifu kwamba tunaokoa mto, maana zamani waliyamwaga humo. Mapipa yako umeyaweka stoo, na mapacha wanalala humo humo. Watoe watoto kwanza, ndipo usome:

Usiweke machicha wanapolala watu.
Usifunge dirisha kwa sababu ya harufu.
Usimruhusu mtoto kuinama karibu na pipa.
Usiwaogope majirani kama nilivyowaogopa mimi.
Usinijibu kabla hujawatoa mapacha humo.