Kikapu cha Viazi Huko Vejer

Springfield, 12 Julai

Bibi mpendwa,

Sisi sote wazima, na nitakueleza yote bila kuficha. Uliuliza kama Vejer, mji wa kale wa Hispania tuliotembelea na shule, unafanana na Bukavu. Unafanana kwa milima. Kwenye ngazi za mtaani bibi kizee mmoja aliniomba nimbebee kikapu cha viazi. Nikawaacha wenzangu, nikapanda naye mpaka kwake.

Niliporudi, Mwalimu alifoka, “Nani alikuruhusu?”

“Mzee ameniomba, Mwalimu. Ningekataaje?”

Kwa adhabu, safari ijayo ya shule sitakwenda. Hilo halinisumbui kama swali la yule bibi. Nilipomwambia nina bibi Bukavu, aliuliza, “Na yeye nani humbebea?”

Nijibu upesi, Bibi: ni nani?

Mjukuu wako,
Neema