Mlango wa Uani

Kirongwe, Mafia
Jumanne

Kaka Hamoud,

Shikamoo. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mikorosho imechanua, na paka wako kazalia ndani ya pakacha la mama.

Umeuliza hii kazi yangu ya kompyuta nyumbani inakwendaje. Mwanzo ilinishinda. Mama akiniona nimekaa, kwake nimekaa tu: "Saleha, kuna nazi za kukuna." "Saleha, wageni hao." Basi siku hizi kila asubuhi navaa baibui, namuaga kama naenda kazini. Ananiombea dua, ananifungia vitumbua, natoka mlango wa mbele. Nazunguka kisimani, naingia kwa mlango wa uani, najifungia chumbani kwako. Mpaka alasiri haniiti hata mara moja. Nikajiona mjanja.

Wiki iliyopita bosi kapiga simu: mwezi ujao kila mtu arudi ofisini, Dar es Salaam. Sikumwambia mama. Ningeanzia wapi, na macho yake ndiyo hayo yanazidi kufifia?

Jana nilipomuaga hakuuachia mkono wangu. "Mwanangu, mlango wa uani unalia kila asubuhi," akasema, "na simu zako nazisikia. Nenda Dar, radhi zangu unazo. Ila leo zunguka polepole."

Nilikaa kisimani mpaka machozi yakakauka.

Kaka, na wewe huko Arusha kazi yako si ya kompyuta? Chumba ni chako. Ukija, mlango ule usiutie mafuta. Mama anausikiliza.

Mdogo wako uliyemdekeza,
Saleha