Ulipokimbia kwa Namba Yangu

Edina, rafiki yangu,

Kamwene. Najua ungenijibu kwa kicheko, useme tena kwamba sisi watu wa huku juu husalimiana hivyo kwa sababu midomo imeganda kwa baridi na haiwezi kutamka neno refu.

Nimekaa kwenye kiti cha dirishani nyumbani kwa mwanangu Lusungu, hapa Makambako. Daktari anasema moyo umechoka. Miguu imevimba, ndara haziingii, na mchana kutwa nasinzia na kuzinduka, hata sijui vizuri nimeamkia upande gani wa maisha yangu. Malori yakipita njia panda, mngurumo wake huwa ni yale mawimbi ya ziwani kwenu uliyonisimulia bwenini. Juzi nilimwomba mkwe wangu anipe raba zangu, kengele ya mchakamchaka imelia. Akaniambia kwa upole, "Mama, hiyo ni treni." Moyoni nilikuwa nimekwisha kufunga kamba.

Jumapili zimekuwa ndefu tangu uondoke. Nikitoka ibadani nilikuwa najua simu italia na wewe utaanza bila salamu: "Gunia langu la viazi, bado linasimama?" Nami nijibu: "Linasimama, wewe usipa mkavu, dagaa wa ziwani." Wajukuu walidhani tuna ugomvi wa zamani. Sasa simu ikilia Jumapili, Lusungu bado huniletea mbiombio, kisha anaona jina la mtu mwingine na kupunguza mwendo.

Mazishini sikuja. Lusungu alikataa. Alisema, "Mama, kwa barabara ile ya Ludewa tutakuja kuzika wawili." Wakanirekodia kwenye simu. Nilimwona mwanao Tumaini akisoma wasifu wako, na alipofika kwenye habari za chuo akaikunja karatasi, akasimulia kwa kichwa. Akasema mama yake alikuwa na rafiki asiyeweza kukimbia, na siku ya mtihani wa mazoezi ya viungo mama alikimbia mara mbili, mara moja kwa namba yake na mara moja kwa namba ya rafiki. Waombolezaji walicheka, halafu wakalia. Mchungaji akaichukua habari hiyo akahubiri juu yake.

Wiki hii Tumaini amenipigia. Jumamosi anakuja Makambako. "Mama mdogo," aliniambia, "nataka niisikie ile hadithi kutoka mdomoni mwako, kabla..." Kisha akasema, "Si unajua mama ameondoka kwa kifua chake kilekile kilichomwanza chuoni."

Ndiyo maana naandika. Kuna jambo la asubuhi ile ambalo wewe mwenyewe hukulijua, na sitaki Tumaini alisikie kabla yako.

Unakumbuka ulivyofika chuoni Njombe? Ulikuwa hujawahi kuona barafu kwenye majani. Asubuhi ya kwanza ulisimama mlangoni mwa bweni umejifunika blanketi, ukauliza ni nani amemwaga chumvi uwanja mzima. Mimi baridi niliijua. Ukungu niliujua, na viazi, na miti ya miwati. Nisichokijua kilikuwa kukimbia mbele za watu. Nilikuwa binti wa mchungaji, na kwetu binti wa mchungaji hutembea. Chuoni ikatakiwa bukta. Mama yangu, kwa imani yake, alinishonea bukta kutokana na joho la zamani la kwaya, nyeusi, nzito, ikafika chini ya magoti. Nilipokimbia ilijaa upepo.

Wanafunzi wa kiume walikuwa hawana kazi. Mchakamchaka ukianza, mmoja anaimbisha, "Gunia lile!" na chuo kizima kinaitikia, "Linamwagika!" Ndiko jina lilikotoka. Wewe ulilichukua, ukaniita hivyo mbele yao wote kwa sauti ya mapenzi, siku nzima, mpaka wakachoka nalo. Lilipobaki letu wawili halikuuma tena.

Lakini miguu haikujua hivyo. Mkufunzi wa michezo, yule aliyevaa filimbi hata kanisani, alisema wazi kwamba asiyefaulu mazoezi ya viungo hapewi cheti cha ualimu, hata awe na alama gani darasani. "Mwalimu asiyekimbia atafundisha nini?" aliuliza. "Atafundisha kukaa?" Mimi nilikuwa wa kwanza katika Kiswahili na historia, na baba alikwisha kuwatangazia washarika wake kwamba binti yake anakuwa mwalimu. Nilishindwa mtihani ule, nikarudia nikashindwa tena, nikakaa chini kwenye kilima kilekile. Ikabaki nafasi ya mwisho.

Ulijaribu kunifundisha. Tulipokwenda mtoni kuchota maji uliniambia, "Hewa haivutwi kama kamba ya ndoo. Toa kwanza yote. Itarudi yenyewe, haina pa kwenda." Ndivyo mlivyofundishwa kuogelea kule kwenu. Tukiwa wawili niliweza, nikapanda hata kile kilima nyuma yako. Akitokea mtu mmoja tu njiani, hata mtoto na mbuzi wake, miguu inageuka kuni. Sijui kama uliwahi kuelewa, Edina. Mapafu yangu hayakuwa na shida kubwa. Nilikuwa naogopa macho.

Basi ukapanga mpango wako. Wewe kundi la kwanza, mimi la pili. Njia ilitoka uwanjani, ikaingia kwenye msitu wa miwati, ikapanda kilima, ikashuka hadi daraja la magogo ambako mlinzi wa chuo alimpa kila mkimbiaji kijiti cha mwanzi, ikakizunguka kilima kwa chini na kurudi kwenye miwati ileile upande wa pili. Ungemaliza zamu yako, ujifiche msituni, uchukue namba yangu, ukimbie, uniletee kijiti, nami nimalizie kile kipande cha uwanjani.

Na ukungu ukatusaidia. Ulikuwa ule ambao mtu akinyoosha mkono anaupoteza. Niliingia kwenye miwati na kundi langu nikaachwa mara moja, kama kawaida, kisha nikasikia "psss" kutoka kwenye shina. Ulikuwa umelowa jasho na umande, nywele zimelala.

"Toa hiyo namba," ulininong'oneza. "Na usikohoe."

"Edina, umechoka. Tuache."

"Nikuache urudi kwa baba yako ukapange vitabu vya nyimbo? Kaa hapo."

Ukaenda. Nilikaa kwenye kisiki nikisikiliza raba zako kwenye matope, zikipungua, zikipungua. Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe.

Nilisimama, nikakufuata.

Sikusimama kwa ushujaa, wala kwa dhamiri, ingawa ningependa kusema ni dhamiri. Nilisikia nyayo zako zikienda zao nikaona vibaya kubaki. Mwanzoni nilitembea. Kisha nikagundua kwamba sijioni hata miguu yangu mwenyewe. Hapakuwa na bukta, hapakuwa na gunia, hapakuwa na binti wa mchungaji. Kulikuwa na weupe tu, harufu ya magome ya miwati, na wewe mahali fulani mbele, pwa, pwa, pwa. Nikatoa pumzi yote. Ikarudi. Nikaitoa tena. Kilima kile nilikokuwa nakaa chini sikukiona nilipokipita. Nilijua nimekipita kwa sababu ardhi ilianza kushuka, nami nikashuka nayo, na nakumbuka kama mtu akumbukavyo ndoto kwamba nilikuwa nacheka kimyakimya, mdomo wazi, ukungu ukiingia baridi mpaka kwenye meno.

Darajani mlinzi alikuwa amejifunika blanketi hadi machoni. Alinyoosha mkono bila kutazama.

"Wa mwisho?"

"Wa mwisho, baba."

Akanipa kijiti. Nikakimbia kukizunguka kilima nikiwa nimekishika kama mtoto aliyeshika peremende. Nilipofika kwenye miwati wewe ulikwisha fika, unanitafuta kati ya miti kwa hasira.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda haja."

"Mbona unahema hivyo?"

"Hofu."

"Hofu gani ya kulowesha mtu mgongo? Haya, shika, toka."

Ukanifunga namba, ukanipa kijiti chako, ukanisukuma. Nilitokea uwanjani na vijiti viwili. Mkufunzi nilimpa changu. Chako nilikitia kwenye moto wa jikoni siku ileile, na ndicho kitu pekee chako nilichowahi kuchoma.

Nilitaka kukuambia jioni ile. Nakuapia. Lakini ulikuwa katikati ya bweni ukiwaigiza wasichana jinsi nilivyotokea ukunguni nimetoa macho kama chura, nao wameziba midomo kwa mito wasisikike kwa matroni. Ulikuwa na furaha ya mtu aliyemvusha mwenzake mto. Nikasema, acha amalize kucheka, nitamwambia kesho.

Kesho yake hukuamka. Ulikuwa unatetemeka tangu jioni na sote tulidhani ni kicheko. Nimonia, walisema pale zahanati. Jasho la mbio mbili na baridi ya Njombe, na wewe mtu wa ziwani. Wenzetu wakaenda kwenye mazoezi ya kufundisha wewe ukiwa kitandani. Ukamaliza nyuma yetu. Tulikuwa tumeomba tupangwe pamoja, nyumba moja, jiko moja. Mimi nikapangiwa Makambako, wewe ukarudishwa Ludewa. Baadaye ukawa unasema homa ile ndiyo iliyokupa Baba Tumaini, bila homa usingekutana naye. Ulisema ili nicheke. Nilicheka. Ningekuambiaje? Kila nilipofungua kinywa, ama ulikuwa unakohoa, ama unasimulia habari yetu kwenye harusi ya mtu, na vyote viwili vilinifunga mdomo.

Na nikuambie pia lisilo zuri sana. Nilitamani mtu ajue kwamba nilikimbia. Miaka yote ya kufundisha niliwaambia watoto wazito, wale wa mwisho kwenye mstari, wakakimbie nyuma ya shule kwenye mahindi, wasikoonekana, wakiwa tayari ndipo waje. Walimu wenzangu walidhani nawadekeza. Sikumweleza hata mmoja. Nikiwa nimeketi hapa na miguu hii, inayobebwa kutoka kitandani hadi dirishani kama mali ya mtu mwingine, nataka ijulikane kwamba siku moja ilikwenda.

Basi Jumamosi nimwambie nini Tumaini? Nikimwambia kweli, atasema kifua cha mama yake kiliharibika bure, na mimi niliyekula matunda yake nilinyamaza mpaka alipozikwa. Nikinyamaza tena, atanishika mkono na kunishukuru kwa kuwa rafiki ambaye mama yake alimbeba, nami nitazipokea shukrani hizo, nife nazo. Siku kadhaa nimelala na jambo hili, nimeamka nalo. Nilifika mahali pa kutaka kumwambia Lusungu ampigie asije.

Asubuhi hii ukungu umeshuka Makambako, jambo ambalo si la kila siku, hata taa za malori hazionekani, zinasikika tu. Nimesinzia. Nikasikia nyayo. Nilipozinduka nimejiuliza swali ambalo ajabu sikuwahi kujiuliza: kwa nini sikukimbia hivyo tena? Maana nilijaribu, Edina. Chuoni kabla hatujaondoka, na hata hapa, nikiwa mwalimu kijana, nilitoka peke yangu ukunguni mara nyingi. Nilifika kilimani nikakaa chini. Ukungu haukutosha. Ile pumzi yako ya ziwani haikutosha. Siku ile nilikimbia kwa sababu kulikuwa na mtu mbele anakimbia kwa ajili yangu.

Nenda kwa amani, rafiki yangu. Huko uliko kusiwe na baridi, na wakikuuliza habari zangu, simulia upendavyo, hata ile ya chura. Nisamehe kwa kunyamaza. Sitakuomba unisubiri, kwa kuwa hukuwahi kujua kusubiri, na mimi sichelewi sana.

Nakuahidi hili: Lusungu hatapiga simu. Jumamosi nitamkalisha mwanao hapa dirishani, nimpe chai, nimweleze yote bila kupunguza, kijiti, homa, ukimya wangu. Akikasirika, nitamwacha akasirike, ana haki. Lakini hatatoka humu ndani kabla hajasikia kwamba mama yake alikimbia mara mbili, kama alivyosema kaburini, na kwamba mara ya pili hakuwa peke yake.

Rafiki yako,
Esta