Nafasi Kumi za Leseni

Jumatatu, 2 Juni
Korogwe, chumba cha kompyuta cha hospitali. Chai, mkate, seva. Meneja anataka leseni ya hifadhidata ya mfumo wetu wa damu ichaguliwe leo. Mfumo ni ukurasa wa mtandaoni tu. Nesi anafungua kwa simu, anaona damu ipi iko hospitalini hapa na ipi iko kituo chetu cha Chanika, kule Handeni. Leseni ni mbili. Ya seva nzima, waingie wangapi, shauri yao. Au ya vichwa, bei nafuu, watu kumi tu ndani kwa mpigo. Nikahesabu majina ya zamu: tisa. Nimechukua ya vichwa. Meneja kanisifu. Nikajiona mjanja.

Alhamisi, 5 Juni
Ukurasa umegoma mara mbili. "Nafasi zimejaa." Zimejaaje? Nikapiga simu vituoni. Kumbe vijijini mtandao unashikwa sehemu moja tu. Zahanati ya Kwamsisi unashikwa juu ya kichuguu, nyuma ya choo. Nesi akishaingia kwenye ukurasa hatoki ng'o, kuingia tena ni kazi. Hata aliyemaliza zamu yumo ndani, simu mfukoni. Nimewafokea watoke. Wameitikia. Hawatatoka, nawajua. Hata mimi nisingetoka.
Leseni sijaigusa. Niende kwa meneja kusema nimekosea, siku ya tatu tu? Aibu. Wiki ijayo.

Jumapili, 8 Juni
Zaina wa Kwamsisi kajifungua. Mtoto mzima. Mama damu haikatiki. Nesi Mwajuma kapanda kichuguu mara tatu. Nafasi zimejaa. Simu ya hapa haikupokelewa. Akaamua Chanika, akidhani ipo. Chanika damu ya kundi lake hakuna. Gari likageuza kuja huku. Amefia njiani, Segera.
Hapa ilikuwepo. Chupa mbili. Nimefungua jokofu nikaziona.

Jumanne, 10 Juni
Kikao. Eti Mwajuma mzembe, hakuangalia mfumo. Kasimamishwa kazi. Alilia mbele za watu, mama mzima. Nilikuwepo. Nikatazama viatu vyangu. Mshenzi mimi.

Jumatano, 11 Juni
Nimesema. Nimechapa karatasi zote: mara tatu alizokataliwa, nani walikuwa ndani, leseni kachagua nani. Meneja kazisoma zote, akazitia kwenye faili. Mwajuma anarudi kazini. Adhabu yangu bado sijaambiwa. Leseni ya seva nzima imewekwa leo. Dakika ishirini. Dakika ishirini tu, jamani! Chakula hakipiti.

Jumamosi, 14 Juni
Kwamsisi, kutoa pole. Rajabu, mume wa marehemu, kanikaribisha mkekani. Kanishukuru kwa kutoka mbali. Nikamwambia yote. Mambo ya leseni hakuyaelewa. Kauliza moja tu.
"Kwa hiyo damu ilikuwepo?"
"Ilikuwepo, kaka."
Akatikisa kichwa. Ndani mtoto akalia, bibi yake akambembeleza kwa Kizigua. Ukaletwa ugali na mboga. Rajabu akanawa, akanimiminia maji na mimi, akasogeza sahani katikati yetu.
Nikala.