Ukoo wa Jones

Mama yangu uliyelala Mkata,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mjomba anayenilea sasa hapa Manundu. Juzi, badala ya kwenda shule, nilikwenda shamba la mkonge kumtafuta ndugu wa baba.

Unajua nilivyo na haya. Mwalimu akiita "Hadija Jones!" darasa zima hucheka, na mimi huitikia kwa sauti ya mbu. Lakini nilisikia mwekezaji aliyenunua shamba kaleta fundi wa mitambo, mzungu, naye anaitwa Jones. Si baba naye alikuwa fundi palepale, akarudi kwao Wales mimi nikiwa bado tumboni mwako? Hakutuachia hata picha. Jina tu.

Na wewe jina hilo ukalilea kama kifaranga. Unakumbuka ulipokuwa ukipika pale stendi ya Mkata? Kila msafiri ulimuuliza ukoo wake kabla hujampakulia. Akiwa wa ukoo wenu, hela yake huishiki; hajamaliza ugali keshakuwa mjomba, keshakuwa babu, naambiwa nimwamkie. Ndivyo Wazigua tulivyo. Kwa hiyo redio ikimtaja Jones yeyote, ulifuta mikono kwenye kanga ukaongeza sauti.

"Hadija, njoo! Baba yako mdogo kafunga goli!"

Mwimbaji alikuwa shangazi. Bondia alikuwa baba mkubwa, "wa kuogopwa huyo." Nilipokuonyesha kwenye kitabu cha shule Jones aliyechora majumba ya wafalme, ukasema ndiyo maana nami nachora vizuri. Siku niliyokuambia kwamba yule mwimbaji ni mtu mweusi wa Marekani, hukusita hata kidogo. "Mama zao mbalimbali," ulisema, ukaendelea kukuna nazi.

Nilicheka, lakini niliamini. Hata siku ile ya mwisho, sauti imeshakwisha, ulinishika mkono ukasema, "Hutakuwa peke yako. Ukoo wako mkubwa, mpaka redio inaujua."

Mama, yule fundi nilimkuta amelala chini ya korona, ile mashine ya kusindika mkonge, mikono yote grisi. Kiingereza changu cha shule kikanikauka mdomoni. Nikataja jina langu, jina la baba, kazi yake. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akaniuliza baba alitoka kijiji gani. Sikujua. Ndipo akaniambia kwamba kwao Wales jina hilo ni kama Juma huku kwetu. Mtaani kwao mwenye duka ni Jones, mwalimu ni Jones, mchimba makaburi ni Jones, wala hawahusiani. Mpaka watu wanawaita kwa kazi zao, Jones wa Maziwa, Jones wa Mikate, wasije wakachanganywa.

"Si ukoo, binti," alisema. "Pole sana."

Nikasema ahsante. Nilirudi kwa miguu, njia nzima nikiwaaga mmoja mmoja: shangazi, baba mkubwa, baba mdogo. Nimefiwa na ukoo mzima mchana mmoja, mama, na hakuna wa kuniwekea matanga. Wewe ulijua? Au nawe uliamini? Usiku silali kwa swali hilo, na wa kunijibu ni wewe tu.

Sasa nasikia kandambili za mjomba uani. Tangu apunguzwe kazi shambani anauza mitumba, na leo kapitia redio yake iliyokuwa ikitengenezwa. Anakuja mlangoni, anaita kama ulivyokuwa ukiita wewe:

"We Hadija! Toka humo ndani, baba yako mdogo anacheza leo!"

Hajui kitu. Ana furaha hata sauti inamtetemeka. Naisukuma karatasi hii chini ya godoro, nifute macho, nitoke. Nitakaa naye pale redioni, nimuulize baba mdogo amefunga mangapi.

Mimi ni wako tu,
Binti yako