Kamera Isiyokuwa na Filamu

Mwenda mjukuu wangu,

Huku Siakago ndengu tumeshavuna. Mimi nguvu zinaniishia, basi nikwambie sasa.

Unauliza kamera ya zamani ya Kijapani hukaguliwaje. Fungua kifuniko cha nyuma, utazame ndani. Kisha ufunge, umlenge mtu na uzungushe lenzi: utamwona mara mbili kwenye kidirisha, na sura hizo zikiungana, kamera ni nzima.

Yangu ya kwanza niliikagua sokoni Ishiara, nikimlenga nyanya yako, wakati huo msichana nisiyemjua. Haikuwa na filamu. Kila siku ya soko alikuja kuulizia picha, nami nikamjibu, "Bado inaoshwa Embu," mpaka tukaoana.

Juzi nilimwambia ukweli. Akacheka.

"Mzee, si uliifungua mbele yangu? Niliona ni tupu."

Anakusalimu.

Guka wako